Eti Wasikilizaji Hawautaki

Mtunzi wa kujitegemea wa Mbagala au Tandale anapopeleka wimbo wake redioni, jibu atakalopewa linajulikana kabla hajabisha hodi. Wimbo ni mzuri, anaambiwa, sauti ipo na ujumbe upo, tatizo ni wasikilizaji. Wasikilizaji hawautaki muziki wa asili. Wanataka bongofleva, wanataka amapiano, wanataka kinachovuma. Redio ni biashara, na biashara humfuata mteja. Kaka, jaribu tena siku nyingine.

Jibu hili lina adabu zake, na labda ndiyo sababu hakuna anayelibishia. Limerudiwa na watayarishaji wa vipindi, likarudiwa na wadau kwenye makongamano ya sanaa, mpaka waimbaji wenyewe wakalimeza. Leo utamkuta mtu mwenye gitaa kavu na nyimbo kumi nzuri alizotunga mwenyewe, anakueleza kwa huzuni kwamba watu wa mjini wamebadilika. Nani kamwambia? Kaambiwa na redio.

Mimi nasema si kweli. Si kweli leo, wala haijawahi kuwa kweli tangu redio binafsi ziingie Dar es Salaam. Watu wa Temeke na Kinondoni wameutaka muziki huu, wameulipia, wameucheza hadi alfajiri, na mara karibu zote redio ndiyo iliyofika mwisho, shughuli ikiwa imeshakolea.

Tuanze na mwaka 2001. Mwanamke kutoka mkoa wa Kagera, Saida Karoli, alirekodi Dar es Salaam nyimbo zenye midundo ya kwao, na sehemu kubwa ya alichoimba ilikuwa Kihaya. Kwa mizani ya hilo jibu letu, Saida alikuwa na kila sababu ya kushindwa. Hakuwa na jina. Hakuwa msichana wa mjini. Lugha yake haieleweki Tandika wala Magomeni, na ngoma yake ni ya kijijini kabisa. Kilichotokea kila mwenye umri wa kukumbuka anakijua: "Maria Salome", ambao wengi wanauita "Chambua Kama Karanga", uliimbwa kwenye daladala, baa, harusi na vibarazani, na watu wasiojua neno moja la Kihaya waliuimba kwa kubahatisha silabi. Ukavuka mpaka kwenda Uganda na Rwanda. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale huyohuyo anayetajwa kila siku kuwa ushahidi kwamba asili imepitwa na wakati, aliurudia wimbo huo pamoja na Rayvanny akauita "Salome", na ukatikisa tena. Mfanyabiashara yule hakosei hesabu. Alijua kitu kilichokuwa kimelala ndani ya wimbo ule, na alijua wasikilizaji wake hawajakisahau.

Najua nitakachojibiwa. Saida ni mmoja, bahati haina kanuni. Haya, vipi kuhusu Mrisho Mpoto? Mtu anapanda jukwaani miguu mitupu, anaghani Kiswahili kizito chenye mafumbo, nyuma yake ngoma na sauti za kuitikia, na "Mjomba" inapigwa asubuhi watu wakiwa kwenye foleni. Hakuna mtaalamu wa soko ambaye angeshauri kitu kama hicho. Redio zilipokipiga, watu walikishika kwa moyo. Naye ni mmoja? Basi tuache watu mmojammoja, tuingie mitaani.

Mchiriku ulianza kusikika katika vitongoji vya Dar kabla redio binafsi hazijawahi kurusha matangazo hata kwa saa moja. Ni ngoma ya Kizaramo iliyoingia mjini ikakosa nafasi ya kupumzika. Vijana wa Mwananyamala, Temeke na kwingineko waliongeza kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, wakakipitisha kwenye kikuza sauti chakavu na spika ya pembe, umeme ukitoka kwenye betri ya gari, ngoma zikipigwa kwa mikono na fimbo. Walitunga wenyewe. Waliimba kodi ya nyumba, ukimwi, polisi, mke aliyeondoka, rafiki aliyeanza kuvuta unga. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala lilianza mwaka 1992 na likakaa miaka kadhaa likipiga kwenye maharusi, unyago na sherehe za mtaani, kanda zao zikiuzwa mkononi na kwenye stendi. Redio? Ziliuona muziki huo kuwa wa wahuni. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao, "Bongo Hotheads", na Wazungu wakaicheza kwenye matamasha. Mwananyamala hapakuwa na jipya. Watu wa pale walikuwa wameucheza muziki huo miaka 20.

Kisha singeli. Hapa ndipo ule ubishi wa redio unapoanguka kifudifudi, kwa sababu kila hatua imetokea mbele ya macho yetu. Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, kwenye shughuli za usiku kucha ambako mtu wa kughani alishika kipaza sauti akawasifu wenye shughuli, akawachamba wambea, akatunga papo hapo juu ya mdundo unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Hakuna kituo cha redio kilichouomba muziki huo. Hakuna aliyeulizwa kama anautaka. Ulisambaa kwa sidii za mkononi, kwa kadi za simu, kwa madereva wa bodaboda, kwa vibanda vya kuingizia nyimbo vyenye kompyuta moja na spika mbili. Msaga Sumu alikuwa mfalme mitaani wakati vituo vingi vya mjini vingeona aibu kulitaja jina lake hewani. EFM ilipoanza mwaka 2014 ikaamua kuupiga bila haya, haikutengeneza wasikilizaji. Iliwakuta wamejipanga barabarani wanasubiri. Mwaka 2016 Man Fongo alikuwa na "Hainaga Ushemeji" kila kona, na Professor Jay, mkongwe wa hip hop, akamwita Sholo Mwamba kwenye "Kazi Kazi". Ndipo vituo vingine vikagundua kwamba wasikilizaji wao, loh, kumbe wanaipenda singeli!

Wapo watakaosema singeli si muziki wa asili, ni kelele za kompyuta. Wanaosema hivyo wangependa asili ikae kimya, imevaa kaniki, imesimama kwenye mlango wa makumbusho. Mzaramo hajawahi kuwa na ngoma tulivu. Mdundiko ulipita mitaa ya Dar ukikokota umati, na watoto walipotea kwa kuufuata, wazazi wakawatafuta mpaka mtaa wa tatu. Singeli imerithi mwendo ule, imerithi kuitikiana, imerithi kazi ileile ya kumsindikiza mwali na kumfunza mtu adabu kwa wimbo. Mtunzi wake hana meneja wala kampuni. Ana jirani mwenye studio chumbani. Kama huyo si mwimbaji huru wa muziki wa watu, sijui ni nani.

Sasa tuulize redio inajuaje wasikilizaji wanataka nini. Hili swali huwa halijibiwi, linapitwa tu. Inajua kwa simu zinazopigwa studio, kwa ujumbe mfupi, kwa maoni ya kwenye mitandao, kama zamani ilivyojua kwa kadi za salamu, ambazo mtu alinunua, akajaza majina ya ndugu na wimbo aupendao. Njia zote hizi zina kasoro moja. Mtu huomba wimbo aliousikia. Dada wa Yombo hawezi kupiga simu kuomba wimbo wa mtunzi wa Chamazi ambao haujawahi kurushwa hewani, kwa sababu hajui kama upo. Ataomba kati ya nyimbo 30 zilizozungushwa wiki nzima, halafu mtayarishaji atahesabu maombi hayo na kutuambia: mnaona? Wanataka hizihizi. Redio inajihoji yenyewe, inajijibu yenyewe, kisha inaziita takwimu.

Na tusijifanye hatujui habari ya bahasha. Kila mtu aliye karibu na muziki nchini anajua kwamba wimbo huhitaji kusukumwa, na kusukuma kunahitaji fedha. Simtaji mtu wala kituo. Nasema tu kwamba pale mlango unapofunguliwa kwa kilicho mfukoni, haifai kusema mwenye mfuko mtupu amekataliwa na wasikilizaji.

Kuna historia inayosahauliwa katika mjadala huu, nayo haisaidii upande wowote moja kwa moja. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 na redio binafsi zilizofuata, Radio One mwaka 1994 ikiwa miongoni mwa za mwanzo, Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilirekodi bendi kwenye studio zake, ikapeleka mitambo mikoani kurekodi ngoma na wapiga zeze, na katika miaka ya 1970 ikafikia hatua ya kuufungia nje muziki wa kigeni. Ndiyo sababu mzee wa Temeke aliyezaliwa Kisarawe anaijua ngoma ya Wagogo na sauti ya marimba ya Dodoma. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1967 kwa mwaliko wa Mwalimu Nyerere, hakupata jina kwa kuwa wasikilizaji walimpigia kura kwa simu. Redio ilimpiga, watu wakamzoea, wakampenda. Ladha hujengwa, na redio ni mmoja wa wajenzi wake wakubwa, apende asipende.

Lakini sililii enzi zile. Kamati zilipitia mashairi kabla ya kurekodi, na wimbo uliokwaruza ulibaki nje. Remmy Ongala, yule wa kituo cha daladala Sinza kwa Remmy, alitunga "Mambo kwa Soksi" kuwahimiza watu wavae kondomu wakati ukimwi ukiwamaliza, na RTD ikakataa kuupiga. Ukawa wimbo wake unaojulikana kuliko zote. Redio ya serikali ilikosea kuhusu watu kwa kuogopa maneno, redio za biashara zinakosea kwa kuogopa ukimya kati ya tangazo na tangazo. Katika visa vyote viwili mtaa ulisikiliza ulichotaka bila kuomba ruhusa.

Hoja ya ubora sitaipa nafasi kubwa. Eti rekodi za watunzi huru ni hafifu, mlio mbovu, haziendani na viwango vya hewani. Studio ya singeli ya Sisso iko Mburahati, na mlio uleule unaoitwa mbovu ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 katika mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", ukawapeleka vijana wa mtaani kupiga Ulaya. Msafiri Zawose wa Bagamoyo alitolewa albamu na Soundway ya London mwaka huohuo. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanawake ambao kwa miaka mingi waliitikia nyuma ya wanaume wa ukoo wao, walitoa albamu yao "Maisha" kupitia Real World ya Uingereza. Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam. Inakuwaje Uingereza wasikie, Kinondoni wasisikie? Na kama viwango vya hewani vinaruhusu mtangazaji kupayuka juu ya wimbo kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, basi tusisumbuane kuhusu ubora wa mlio.

Suala la lugha ni zito zaidi, na hapa nakiri upande wa pili una la kusema. Kanuni zetu za utangazaji zimetaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, kwa sababu za umoja wa taifa ambazo sizidharau. Tumeona kwa jirani redio ya lugha ya kabila inavyoweza kuchochea. Hata hivyo tazama upande mwingine wa jirani huyohuyo. Kenya ilipopata Kameme FM ya Kikuyu mwaka 2000 na Ramogi FM ya Kijaluo baadaye, waimbaji wa mugithi na ohangla walipata mahali pa kusikika kila siku, pamoja na matangazo ya biashara, na biashara haikufa. Sisi tulichagua Kiswahili kwa ajili ya mtangazaji. Hakuna aliyetulazimisha kunyamazisha wimbo wa Kisukuma. Ajabu ni kwamba Wasukuma wa Dar hawakusubiri: Bhudagala na Nelemi Mbasando wanasikilizwa kwenye simu za walinzi, mafundi ujenzi na wachoma mkaa wa Mbagala na Bunju kupitia YouTube na kadi za simu, na hadhira hiyo si ndogo. Mtayarishaji akitaka kujua watu wanasikiliza nini, asimame kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo pale Mbagala Rangi Tatu jioni moja, asikilize wateja wanaomba nini.

Limebaki jibu la upole zaidi, ambalo hutolewa na watu wema, na kwangu ndilo la hatari. Wanasema: sawa, tuwatengee kipindi. Saa moja ya muziki wa asili, Jumapili, au usiku baada ya taarifa ya habari, labda baada ya zilipendwa. Nimevisikiliza vipindi vya namna hiyo na baadhi vinaendeshwa kwa mapenzi makubwa na watangazaji wanaochimba makabati ya kanda peke yao bila posho. Nawaheshimu. Lakini ona kinachotokea. Mtunzi wa miaka 27 aliyetunga juzi wimbo kuhusu bomoabomoa ya mtaani kwake anawekwa katikati ya ngoma iliyorekodiwa mwaka 1968 na bendi ambayo wanachama wake wote wameshazikwa. Msikilizaji anaambiwa huu ni urithi, tuuenzi. Jina la mtunzi halitajwi, au linatajwa mara moja haraka. Kijana anazeeshwa hewani. Na kituo kinapata tiki kwenye fomu ya maudhui ya ndani, kisha Jumatatu asubuhi kinarudi kwenye nyimbo zake 30.

Wimbo wa mtu aliye hai unahitaji kupigwa kati ya nyimbo za watu walio hai. Saa mbili asubuhi, watu wakiwa Ubungo kwenye foleni, uwekwe baada ya Diamond na kabla ya tangazo la sabuni. Asiyeupenda atabadilisha, kama anavyofanya kwa wimbo wowote. Ukishindwa hapo, ushindwe kwa haki. Mpaka leo haujashindanishwa, na aliyezuiwa kuingia uwanjani haitwi mshindwa.

Zipo pia fedha, jambo ambalo wapenda asili huona haya kulitaja. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha iliyotokana na nyimbo kupigwa redioni, zaidi ya shilingi milioni 300, kwa wasanii zaidi ya 1,000. Si fedha nyingi ukigawanya. Kwa mpiga gitaa wa Tandika ingelipa kodi ya chumba au nyuzi mpya. Lakini mgawo huo unafuata kilichopigwa. Asiyepigwa hana anachodai. Kwa hiyo mtayarishaji anaposema wasikilizaji hawautaki, hatoi maoni kuhusu ladha tu. Anaamua pia nani atalipwa, na analitumia jina lako wewe msikilizaji kufanya uamuzi huo.

Nitakubali jambo moja kwa upande wa redio. Singeli ilipoingia hewani ilibadilika. Maneno yalisafishwa, tungo zilifupishwa kutoshea dakika tatu, na baadhi ya waimbaji waliacha kutunga papo hapo, wakaanza kutafuta kiitikio cha kushika masikio. Wapo wanaosema bora muziki huu ubaki mtaani uwe salama. Mimi sikubaliani nao. Waimbaji wana watoto wa kusomesha, na uamuzi wa kubaki safi katika ufukara ni wao, si wa mpenzi wao anayesikiliza kutoka sofani Mikocheni. Meja Kunta na Dulla Makabila wa singeli walipata nafasi ya kuchagua. Wengine wapewe nafasi hiyohiyo.

Basi ewe mtayarishaji, acha kutusemea. Ukiona wimbo wa mtunzi huru haufai, sema wewe huupendi. Hiyo ni haki yako na tutabishana nawe kama watu wazima. Weka hadharani orodha ya nyimbo ulizopiga wiki iliyopita tuione. Na wewe msomaji wa Kigogo, Mtoni Kijichi, Kimara au Charambe, unamjua mwimbaji mmoja wa mtaani kwako ambaye nyimbo zake unazo kwenye simu. Wiki hii piga simu studio, umwombe kwa jina lake na jina la wimbo wake. Wakikwambia hawanao, wapelekee.